Porini kwa Shangazi

Tarehe 2 Agosti

Nimeanza kazi ofisi ya ardhi. Meza yangu ina miguu mitatu na tofali. Kazi ni ya muda tu, mpaka mvua zianze na wapimaji washindwe kutembea, lakini Bwana Ardhi, ambaye ndiye mkuu wetu, ametuambia karani atakayemaliza msimu bila doa atapata ajira ya kudumu. Tuko makarani watatu. Mwenzangu mmoja mwandiko wake hata yeye hausomi, wa pili anasinzia tangu saa nne asubuhi. Nafasi ninayo.

Kazi yenyewe ni hii. Mwenye ardhi anakuja, namjazia fomu, mpimaji anakwenda kupima, wahakiki wanafuata, mwisho mtu anapewa hati yake. Ardhi isiyo na kazi inaingia hazina ya ardhi, wapewe wawekezaji. Tangazo ndivyo linavyosema, na nimelinakili mara ishirini leo mpaka vidole vinauma.

Tarehe 3

Mkufunzi amekwama njiani, mafunzo yameahirishwa. Tumeambiwa tuanze na fomu za majirani zetu ili tuzoee.

Tarehe 4

Fomu kumi na moja. Ya kwanza kabisa ni ya Shangazi, ambaye nakaa kwake tangu baba afariki. Nilimwandikia jikoni huku anachambua maharage. Nyumba na bustani: Makazi. Shamba la bondeni: Kilimo.

"Na kule?" nikamuuliza.

"Kule porini kwangu? Andika tu, nani asiyepajua?"

Nikaandika kwa wino mweusi: Pori. Akaweka dole gumba lake lenye vumbi la maharage, tukacheka kwa sababu alama ilitoka na ganda.

Watu wote huku wanapaita hivyo, porini kwa Shangazi. Ni miti mikubwa kuanzia nyuma ya jiko letu mpaka kijitoni, na mizinga ya nyuki imetundikwa humo kote. Babu alimwachia yeye badala ya baba, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akipanda juu ya miti kutundika mizinga. Ana miaka sabini na moja na bado anapanda. Ukimkataza anakuuliza tangu lini umekuwa mama yake.

Tarehe 9

Vumbi. Fomu thelathini na nane.

Tarehe 12

Wametuletea mpimaji. Kijana mrefu, mabuti makubwa, kijiti cha kuchokolea meno hakimtoki mdomoni hata anaposalimia. Simpendi. Alipita katikati ya mchicha wa watu na vyuma vyake utadhani anakatiza uwanja wa mpira.

Tarehe 15

Mkufunzi amefika.

Alisimama mbele ya ubao akasoma maneno ya safu ya matumizi, moja baada ya jingine. Kilimo. Makazi. Ufugaji. Biashara. Ibada. Pori. Alipofika hapo akaweka chaki chini. "Hili pori si neno la mtaani," akasema. "Pori humu maana yake ardhi ambayo hakuna anayeitumia. Ukiandika pori, umeipeleka hazina."

Yule karani anayesinzia aliamka akauliza, je, mtu mwenye miti? Aandikwe msitu?

"Msitu ni wa serikali. Mtu binafsi hana msitu. Ukimwandikia msitu umeipa serikali, ukimwandikia pori umempa mwekezaji. Mtafutieni neno lingine."

Nikauliza mimi, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo la jirani: na fomu zilizotangulia? Akasema zimekwisha kuingizwa kwenye daftari kuu. Marekebisho ni kwa Fomu namba saba, nayo ina visanduku viwili tu. Kisanduku cha kwanza: mmiliki ameendeleza eneo, yaani amefyeka, amelima au amejenga. Kisanduku cha pili: kosa la karani. "Na karani akiwekewa alama kisanduku cha pili," akasema huku akitabasamu, "anabeba begi lake siku hiyo hiyo, na ofisi ya umma ataisikia redioni."

Wenzangu wakacheka. Nilicheka nao.

Nimekumbuka fomu zangu zote tangu ya kwanza. Pori limo moja tu.

Tarehe 16

Sikwenda kazini. Nimesema tumbo.

Tarehe 17

Nimekwenda. Nilitaka kuzungumza na Bwana Ardhi, alikuwa na wageni.

Tarehe 18

Alikuwa peke yake mchana wote. Nilimpelekea chai.

Tarehe 22

Orodha imebandikwa ukutani. Shangazi hasomi, kwa hiyo Kaka ndiye aliyekwenda kumsomea. Kaka yangu ni fundi seremala, mtu wa sauti kubwa, anazungumza na watu wote kana kwamba wako upande wa pili wa mto. Alirudi akiwa kimya, na hapo nikajua ameliona.

"Wamekuandika pori, Shangazi."

"Si ndiyo jina lake?"

Akamweleza. Shangazi aliweka mwiko chini. "Nani kaandika?"

"Nani kama si yule mpimaji wao? Mgeni hajui hata mlango wa jiko letu uko wapi, anakuja na mabuti yake anaandika watu pori. Wewe uko mle ofisini," akanigeukia mimi, "hukumwona?"

Nikasema fomu zinapita mikono mingi. Ni kweli zinapita mikono mingi. Nimekaa na sentensi hiyo tangu mchana na bado inanuka.

Tarehe 25

Misumeno ya mashine imeanza. Majirani wote wenye miti wamesikia habari ya Shangazi na sasa kila mtu anafyeka kwake kabla hajaandikwa. Jirani yetu tunayemwita Haraka ameangusha miti yote ya nyuma ya nyumba yake kwa siku mbili na kupanda mihogo, kiangazi hiki! Nilimuuliza ataimwagilia na nini. Akanijibu haipandi aile, anaipanda ionekane.

Ofisini kwetu, juu ya kabati, kuna bango limeandikwa Tunza Miti Ikutunze. Bwana Ardhi hulitundikia kofia yake.

Tarehe 28

Kaka na Shangazi wamegombana.

"Tukate, Shangazi. Tukate nusu tupande chochote, tupate hati, basi."

"Miti ya baba yangu nikate nionyeshe naitumia? Kwani sasa hivi siitumii? Asali unayotia kwenye uji inatoka dukani?"

"Mimi najua, na wewe unajua. Karatasi haijui."

"Basi karatasi ije nyumbani niifundishe."

Wifi yangu akacheka, Kaka akamkazia macho, naye akaendelea kucheka. Baadaye Kaka alinifuata uani akanishika bega. "Dada, ongea na Mama Mkaidi wako. Wewe anakusikiliza." Nilimtazama nikawaza: huyu anazitaka mbao. Fundi seremala lazima aone ubao kila anapoona mti. Nilimchukia kidogo, na chuki hiyo ilinipa nafuu, kwa sababu kwa dakika kumi mwenye kosa hakuwa mimi.

Tarehe 1 Septemba

Mpimaji amekuja kupima kwetu. Shangazi, ambaye humpa kiti hata mtu anayekuja kudai, hakumpa. Alimwacha amesimama juani na vyuma vyake, akamwambia, "Wewe si umeona ni pori? Pori halina viti."

Mpimaji alinitazama. Halafu akasema, "Sawa, mama," akaendelea na kazi yake. Nilimfuata kumshikia utepe. Alipima polepole, akizunguka kila mche wa bustani. Yale ya mchicha nafikiri nilimwonea.

Tulipofika kijitoni akatoa kijiti mdomoni.

"Mwandiko wa ile fomu naujua," akasema. "Herufi yako ya p ina mkia."

Nilitazama maji ya kijito.

"Kisanduku cha pili kipo," akasema. "Mimi simwambii mtu. Si kazi yangu."

Kisha akanipa utepe niukunje. Amebeba lawama yangu mbele ya Shangazi na hakuitua.

Tarehe 2

Nikisema, napoteza kazi. Nimesoma kwa taabu, nimekaa miaka sita bila ajira, nimeandika barua mpaka karani wa posta akaniita mwandishi. Nikinyamaza, Shangazi anapoteza porini kwake. Nimeiandika mizani hii ili niione kwa macho. Nimeiona, na bado nasema labda kuna njia ya tatu.

Tarehe 5

Ipo! Na aliyeipata ni Shangazi mwenyewe, bila kujua.

Asubuhi Haraka alipita akamwambia kwa utani, "Shangazi, ungekuwa hata na mbuzi wawili humo wangekuandika mfugaji." Shangazi akamjibu, "Mimi si mfugaji? Nafuga nyuki tangu wewe hujui kufuta kamasi."

Niliacha chai yangu mezani nikakimbia ofisini. Nilisoma mwongozo wote. Ufugaji: eneo linalotumika kwa kufuga, lenye zizi na mifugo. Haikuandikwa mifugo ya miguu mingapi. Na mwongozo unasema eneo la ufugaji likikutwa lina mifugo siku ya uhakiki, linahesabiwa limeendelezwa. Ni kisanduku cha kwanza hicho, bila shoka la mtu yeyote. Na bila mimi.

Tarehe 6

Tumejaza ombi jikoni, familia nzima. Aina ya mifugo: nyuki. Zizi: mizinga. Tukafika kwenye idadi.

"Andika wengi," akasema Shangazi.

"Wanataka namba, Shangazi."

"Basi waje wahesabu wenyewe, mimi nawashikia ngazi."

Kaka alicheka mpaka akashika ukuta. Sijamsikia akicheka hivyo tangu orodha ibandikwe. Akauliza tutawapigaje chapa, na kama kuna dume la mbegu. Nilicheka mpaka machozi, na kwa muda kama wa kunywa kikombe kimoja sikukumbuka lolote. Mwisho nimeandika: mizinga arobaini na miwili. Mpimaji amelipokea ombi, amelisoma mara mbili, ameligonga mhuri. "Umejitahidi," akasema.

Tarehe 9

Uhakiki utakuwa tarehe 18. Joto kali.

Tarehe 11

Majirani wameanza kuchoma walivyofyeka. Moshi.

Tarehe 12

Moshi. Shangazi amezunguka mizinga mchana kutwa, anaweka sikio kwenye gogo la mzinga, anagonga kwa kidole, anasikiliza.

Tarehe 13

Moshi. Leo kundi moja lilitoka. Nililisikia kabla ya kuliona, mvumo mkubwa juu ya paa la jiko, halafu wakavuka kijito wakaenda. Shangazi alisimama uani kichwa juu mpaka wakapotea.

"Nyuki akisikia moto anashiba asali anahama," akasema. "Hana hamu ya kuuliza moto ni wa nani."

Nilimwomba Haraka asubiri wiki moja tu kuchoma. Akasema wahakiki watafika kwake tarehe 17, na visiki vikiwa na magogo juu yake hawataliita shamba. Aliniomba radhi. Kisha akaendelea kuchoma.

Tarehe 15

Makundi manne.

Tarehe 16

Sikuhesabu.

Tarehe 18

Wahakiki wamekuja, Bwana Ardhi akiwa mbele, na wengine wawili na faili. Mimi nilikuwa upande wao, na kalamu. Shangazi alivaa nguo yake ya kwenda mjini.

"Haya mama," akasema Bwana Ardhi, naye si mtu mbaya, "nimesoma ombi lako nikasema hili lazima nilione. Mifugo ni ng'ombe, mbuzi, kondoo. Nyuki tangu lini?"

"Kwani mtu mwenye nyuki wewe unamwitaje?"

"Mfugaji n..." Akasita. Mhakiki mmoja alificha mdomo kwa faili.

"Malizia, mwanangu," akasema Shangazi.

Bwana Ardhi alicheka kwa dhati. "Mfugaji nyuki. Haya, umenipata. Nimekubali anafugwa. Sasa nionyeshe zizi lenye mifugo."

Tukaingia. Mzinga wa kwanza Shangazi aligonga kwa kidole, kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu ulikuwa na nyuki, Bwana Ardhi akaruka nyuma, na moyo wangu ukaruka mbele. Kisha wa nne mpaka wa kumi na tisa, hakuna. Shangazi aligonga kila mmoja, hata aliojua ni mitupu, akiinamisha kichwa kusikiliza kama mtu anayebisha hodi kwa ndugu. Kwenye mizinga arobaini na miwili, yenye nyuki ilikuwa mitatu.

"Wamefukuzwa na moshi," akasema. "Mvua ikinyesha wanarudi. Kila mwaka wakihama wanarudi."

"Mvua ikinyesha msimu umefungwa, mama. Mimi naandika ninachokiona." Alivua kofia akajifuta jasho. "Sikunyimi. Nakupa mpaka tarehe thelathini. Zaidi ya nusu ikifyekwa, nakuandikia kilimo mara moja. Isipofyekwa, jina linabaki lilivyo."

Mimi ndiye niliyeandika muhtasari. Nilitumia penseli, akaniambia nirudie kwa wino.

Tarehe 20

Jana Shangazi hakula. Leo asubuhi aliita watu wote jikoni.

"Leta mashine yako," akamwambia Kaka.

Nilidhani Kaka atashangilia. Alikaa tu, mikono katikati ya magoti. "Shangazi, hebu tufikirie kidogo."

"Si wewe uliyekuwa unanipigia kelele?"

"Nilipiga kelele kwa sababu nilijua utakataa."

Shangazi akasema maneno ambayo nayaandika yote yalivyo. "Wakichukua wao, watakata mpaka ya kijitoni, wang'oe na visiki. Nikikata mimi, najua niache ipi. Sina chaguo zuri. Nina hili."

Kaka alitoka nje. Nilimkuta nyuma ya karakana yake amegeukia ukuta. Mtu niliyemwona mroho wa mbao.

Tarehe 21

Kesho nakwenda kwa Bwana Ardhi. Kisanduku cha pili. Nimekwisha amua.

Tarehe 22

Foleni ilikuwa ndefu. Watu walikuwa ndani mpaka jioni.

Hapana. Saa nane hakukuwa na mtu. Nilisimama mlangoni, akaniambia, "Ingia, karani wangu," nikamuuliza kama anataka chai.

Tarehe 23

Leo nimekwenda kweli. Ofisi imefungwa. Ameitwa makao makuu, atarudi tarehe 27. Kaka anaanza kesho.

Tarehe 24

Ningeweza kumwambia Kaka asianze. Nimejieleza hivi: nikimsimamisha, halafu Bwana Ardhi arudi akatae, siku zitakuwa zimekwisha na tutakosa vyote. Hiyo ni sababu, na ina akili ndani yake. Sababu nyingine ni kwamba naogopa uso wa Shangazi.

Alichana shuka kuukuu vipande vipande, akafunga kitambaa kwenye kila mti wa kubaki. Alitumia saa tatu. Mara nyingine alifunga, akaenda hatua tano, akarudi akafungua, akafunga jirani yake. Mizinga mitupu aliiteremsha mwenyewe kwa kamba, na hakuna aliyethubutu kumwambia ashuke. Ile mitatu yenye nyuki aliiachia miti yake.

Kaka akawasha mashine. Akazima. Akawasha, akasogea kwenye mti wa kwanza, akazima tena.

"Nitukane basi, Shangazi," akasema. "Nitukane kidogo ndiyo niweze."

"Kata, mwanangu. Jua linapanda."

Akakata. Sikujua mti mkubwa unapoanguka unavuta pumzi kwanza. Kuna ukimya mfupi, majani yote yanatulia, halafu ndipo ardhi inapopiga chini ya miguu. Baada ya mti wa sita niliacha kuruka. Wifi yangu alileta maji na hakuna aliyekunywa. Mwanga uliingia jikoni kwetu, mahali ambapo haujawahi kuingia, tukaona masizi yote ya ukutani.

Tarehe 25

Mashine.

Tarehe 26

Mashine mpaka saa kumi. Imekwisha. Mpimaji amekuja kupima sehemu iliyofyekwa. Safari hii Shangazi alimtolea kiti, kwa uchovu nadhani. Hakukikalia.

Watu wamekuja kuomba magogo na Kaka amewaambia wachukue. Hajapeleka hata ubao mmoja karakana kwake.

Tarehe 27

Bwana Ardhi amerudi. Niliingia bila chai.

Nilisimama nikasema yote. Kwamba neno pori niliandika mimi, kabla ya mafunzo, kwa kuwa ndivyo tunavyopaita. Kwamba nilijua kosa langu siku ya mafunzo. Kwamba nataka kisanduku cha pili. Sauti yangu ilikuwa imara kuliko nilivyotegemea.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akafungua faili, akageuza ukurasa unitazame.

"Fomu namba saba ya shangazi yako imefika asubuhi hii. Eneo limefyekwa, asilimia sitini na mbili. Kisanduku cha kwanza kina alama. Nimesaini."

"Lakini kosa ni langu."

"Kosa gani? Liliandikwa pori, leo si pori, daftari limerekebishwa. Unataka nikufukuze kwa rekodi iliyo sahihi?"

Nikamuuliza swali ambalo sikutakiwa kuliuliza. "Na kama ningekuja wiki iliyopita? Kabla hujasafiri?"

Alifikiri kidogo, kwa uaminifu, kama anavyofanya kila kitu. "Ningekuondoa. Na lile eneo ningeliandika upya kama lilivyokuwa siku ya fomu, ufugaji, kwa jina la shangazi yako, dakika tano tu, na miti yake. Bahati yako hukuja."

Akafungua droo akanipa bahasha. Barua ya ajira ya kudumu. Alinipa mkono, na mkono wangu ukamfikia wenyewe. Mpimaji alikuwa mlangoni na vyuma vyake. Alinipisha nikapita.

Tarehe 28

Nimemwambia Shangazi.

Alikuwa uani akiziba nyufa za mizinga kwa udongo, miguu ameinyoosha. Nilikaa chini mbele yake nikamwambia kuanzia fomu mpaka bahasha. Udongo ulikauka mikononi mwake.

"Ni mimi niliyekwambia andika porini," akasema mwanzoni. "Hilo la kwanza ni letu wote, sikulaumu." Akakitazama kiti cha mlangoni. "Yule kijana wa watu nilimnyima kiti."

"Ndiyo, Shangazi."

"Ulijua lini kwamba ukisema, miti inabaki?"

"Tarehe kumi na tano."

"Ya mwezi huu?"

"Ya mwezi uliopita."

Alihesabu kwa vidole vyenye udongo, kwa kuwa hajui kuandika lakini kuhesabu anajua kuliko sisi wote. Alipitisha vidole vyote mara nne na vikabaki vingine. Nilimwomba anitukane. Nililia. Hakunifukuza na hakunigusa.

"Siku zote hizo," akasema, "tumekula sahani moja."

Akachukua udongo mwingine akaendelea kuziba.

Tarehe 29

Shangazi ameziba mizinga mchana kutwa.

Tarehe 30

Hati imetoka. Kaka amenitaka niisome kwa sauti. Nimesoma jina la Shangazi, mipaka, majirani, matumizi: Kilimo. Shangazi akasema asante, kama anavyowaambia makarani wengine. Barua ya ajira iko kwenye begi langu. Sijaisaini, wala sijaichana.

Tarehe 1 Oktoba

Mvua imeanza alfajiri. Mchana Shangazi alinipakulia chakula kwenye sahani yangu peke yangu, akaifunika vizuri, akajitanda kitambaa kichwani akaenda kula kwa Kaka.